Mtihani wa Mama Yustina

Mke wangu hakatai kujifunza. Hilo niliseme mapema, maana watu wa kijiji chetu cha Mitole wamelieneza vingine. Anachokataa ni kujibu alichoulizwa.

Tulianza Jumatano ya Majivu, barazani, yeye akimenya mihogo, mimi na katekisimu mkononi. Nilitaka tuanze na jepesi.

"Mama Yustina, Mungu ni nani?"

Akamaliza kwanza muhogo aliokuwa nao. "Ni yule anayejua nilipo hata mimi mwenyewe nisipojua."

"Hilo siyo jibu."

"Kwani ni uongo?"

"Siyo uongo, ila siyo jibu. Jibu limeandikwa hapa. Nilikusomea jana, nimekusomea na leo asubuhi."

"Basi kama limeandikwa, waniuliza mimi wa nini? Soma."

Sasa mtu kama huyu unamfanya nini?

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mimi na Mama Yustina, ambaye jina lake la ubatizo ni Monika, tulioana kimila. Wazee walikaa, mahari ikatolewa, ngoma ikapigwa, basi. Wakati ule sikuwa na dini ya maana wala sikujua herufi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, na kitabu cha kwanza nilichokifikisha mwisho ni Injili. Nikabatizwa. Kanisani nikaambiwa, vema, Evaristo, lakini ndoa yako haijabarikiwa, kwa hiyo komunyo hupokei. Nikasema itabarikiwa mwakani. Monika alibatizwa mchanga na mmisionari aliyekuwa akipita, kisha wazazi wake wakahamia mashambani na hakufundishwa hata neno moja. Ili ndoa ibarikiwe ilibidi kwanza asome mafundisho, apate komunyo ya kwanza na kipaimara. Akasema hawezi kukaa benchi moja na watoto. Mwakani ikawa mwaka mwingine, na mwingine tena, hata tukapata wajukuu.

Kwa hiyo kila Jumapili padre anapokuja kigangoni na watu wakasimama kwenda mbele kupokea, mimi hubaki kwenye benchi. Vijana niliowafundisha mwenyewe kuyasoma Maandiko hunipita wamefumba mikono kifuani, nami husogeza magoti wapate njia. Mtu anayejua kisa cha kila nabii, kazi yake kanisani ni kusogeza magoti.

Mwaka jana nilipasuliwa ngiri. Niliporudi kutoka hospitali, Mama Yustina alinitazama nikijikongoja mlangoni, akasema, "Haya, nifundishe hayo maneno yako. Usije ukafa na kinyongo ukawa unarudi kunisumbua." Nikampelekea habari Padre Sebastiani, kijana aliyeletwa parokiani juzi juzi. Akakubali: Monika akifaulu mtihani kabla ya Jumapili ya Matawi, ndoa yetu itabarikiwa Jumatatu ya Pasaka, nami siku hiyo nitapokea. Sikutaka kitu kingine duniani. Binti yetu Yustina, anayeishi Lindi, akamshonea mama yake gauni jeupe na kulituma kwa basi.

Basi tukasoma Kwaresima nzima. Au tuseme mimi nilisoma.

"Nani alikufundisha habari za Mungu?" nilimuuliza siku moja. Nilitaka aseme Kanisa.

"Mpunga," akasema.

"Mpunga!"

"Nilipokuwa msichana nilikuwa naachwa peke yangu dunguni, kwenye kichanja cha shambani, nilinde ndege. Siku moja ukungu ulishuka bondeni. Nikateremka kuchota maji, nikapotea. Nikatembea mpaka nikachoka, nikakaa chini nikalia. Nikasikia naitwa kwa jina langu. Nikaifuata sauti, nikafika dunguni. Hapakuwa na mtu."

"Sasa nani alikuita?"

"Ningemjua ningemtaja."

"Huenda alikuwa shetani."

"Shetani siku hizi anarudisha watoto wa watu?"

Nikafunga kitabu. Nikamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nilimwambia hivi: mimi kabla sijajua kusoma, kila aliyeota alikuwa mkubwa wangu. Marehemu baba alitoa mbuzi kwa sababu mtu aliota. Akahama shamba zuri kwa sababu mtu mwingine aliota. Mtu wa Kilangala aliota Mungu amempa mikorosho ya shemeji yake, na nusu ya kijiji ikamwamini. Sijawahi kusikia mtu ameota anaambiwa arudishe mikorosho ya watu! Ndoto inajua tumbo la mwenyewe linataka nini. Lakini neno lililoandikwa halikujui wewe wala tumbo lako. Unalikuta pale pale ulipoliacha, umekasirika au umeshiba. Siku nilipoweza kulisoma mwenyewe, hakuna tena aliyeweza kuniletea Mungu wake mlangoni akanidai mbuzi.

Alinisikiliza vizuri. Nilidhani nimemshika.

"Baba Yustina," akasema, "na hao waliokiandika hicho kitabu, wao walisoma wapi?"

"Wao walifunuliwa."

"Wakiwa wamelala au wako macho?"

"Wengine waliota. Lakini..."

"Aa." Akachukua muhogo mwingine.

Siku hiyo Bakary alikuwepo. Bakary ni mtu wa Pande, Mwislamu, mtani wangu, huleta ng'onda, samaki wa kukausha, na wakati wa mvua huweka mizigo yake kwetu. Alikuwa amekaa kwenye gunia lake akicheka kama aliyelipwa.

"Evaristo, wewe mtu wa ajabu sana. Umemwoa bila mtihani, amekuzalia bila mtihani, amekupikia ugali mpaka meno yamekwisha bila mtihani. Leo ndiyo unamtahini!"

"Nyamaza, mla pono."

"Sinyamazi. Ila kwenye kitabu, shemeji, niko na mzee," akamgeukia Monika. "Hata kwetu sisi ni hivyo. Ndoto ya mtu ni ya mtu. Kitabu ni cha wote."

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia," akajibu Mama Yustina. "Nyie wawili mkikaa pamoja, Mungu hapati hata nafasi ya kukohoa."

Padre alikuja Jumamosi, kabla ya Matawi, pikipiki yake imeota tope mpaka kwenye taa. Tukamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitika, akanawa miguu, akaanza kazi. Watoto walikaa mbele na Mama Yustina katikati yao kama kuku na vifaranga. Mimi nilikaa nyuma kabisa.

Watoto walijibu kwa sauti ya kuimba, kama ilivyo kawaida. Padre alipofika kwa Imani, mtoto wa jirani yetu ambaye hulelewa na bibi yake, akamuuliza sakramenti. Mtoto akazitaja, akasahau mbili. Akarudia, akasahau zile zile. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Pole, mwanangu," Padre akasema. "Utarudia mwakani."

Imani akainamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye gauni. Kanuni ni kanuni. Iliniuma, lakini nikaona ni sawa.

Zamu ya Mama Yustina ikafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Padre. Pole na tope."

"Nimeshapoa. Hebu nitajie Amri za Mungu."

Akazitaja saba, tena bila mpangilio. Ya kuua aliiweka mwanzo, akasema ndiyo kubwa. Kisha akaongeza, "Na usimnyime maji mpita njia."

Padre akatabasamu. "Hiyo haimo, bibi."

"Haimo? Basi ilisahaulika."

Watoto wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili. Kwaresima nzima! Kila siku ya Mungu nilikuwa nazitaja kwa vidole!

Padre akafunga kitabu chake, akasogeza kiti karibu. "Bibi, niambie tu. Wewe Mungu umemjuaje?"

Akamweleza. Dungu, ukungu, sauti. Akaongeza na mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Alisema mtoto wetu wa pili alipofariki, alikwenda bondeni akamtukana Mungu mpaka sauti ikamkauka, na alipomaliza hakuona kwamba ameachwa. Alisema tangu siku hiyo hamwogopi Mungu, ila anamwonea aibu, kama mtu aliyekufunika nguo ukiwa umelewa. Hayo alimwambia kijana wa watu aliyemwona siku hiyo hiyo. Mimi mume wake nilikuwa nayasikia kutoka benchi la nyuma.

Padre alivua miwani akaifuta.

"Inatosha, bibi. Umefaulu."

Hapo ndipo kila mtu anapoanza kunilaumu, kwa hiyo nieleze vizuri nilichokiona. Nilimwona mke wangu amefaulu. Niliiona Jumatatu ya Pasaka, niliuona mkono wa Padre umenishikia hostia. Na mbele yangu nilimwona Imani bado ameinama, anafuta kamasi kwa kiganja. Nikasimama.

"Padre, haitoshi."

Akageuka. "Unasemaje, mzee?"

"Mtoto Imani amerudishwa kwa kusahau sakramenti mbili. Mke wangu amesahau amri tatu na kuongeza moja ya kwake. Kama kuna mtihani, uwe mtihani. Kama habari za ukungu zinatosha, basi mtoto naye aulizwe habari za ukungu. Na sisi tuliokariri mpaka usingizi ukatushika, tuambiwe tulikuwa tunafanya nini."

"Mzee Evaristo, hata manabii walisikia sauti."

"Walisikia, Padre, na yakaandikwa, ndiyo maana wewe na mimi tunawajua. Wangebaki na sauti zao bondeni tungekuwa wapi?"

Padre akavaa miwani. Ni kijana, lakini si mjinga, na mbele ya watoto wote wale hakuwa na pa kupitia. Akamtazama Imani, akamtazama Mama Yustina.

"Umesema haki," akasema polepole. "Basi wote wawili watarudia. Nitawapa nafasi nyingine kabla ya Pentekoste. Ndoa itasubiri."

Nikakaa.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mkato, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipovuka kijito nikamuuliza.

"Mama Yustina, nilichosema ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Ukweli haumkatazi mtu kukasirika."

Jioni yake Yustina alipiga simu kutoka Lindi, akapiga kelele mpaka Bakary akasikia akiwa uani. "Baba! Mtu anakataa harusi yake mwenyewe? Na gauni nimeshona!" Nikajaribu kumweleza habari za haki na za Maandiko, simu ikakatika. Nadhani aliikata. Bakary naye akapata la kuwapelekea watu wa Pande: kwamba Mitole kuna mzee amemfelisha mke wake asimwoe.

Pasaka ilipofika nilisogeza magoti kama kawaida.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba masomo yalikufa. Nikitoa katekisimu, Mama Yustina anakumbuka kuni. Nikiitoa tena, anakumbuka mgonjwa wa kumjulia hali. Mwisho nikamkabili jikoni.

"Unataka nini?"

"Mimi? Wewe ndiye unayetaka."

"Niambie basi unachotaka ili unipe ninachotaka."

Akafikiri, akikoroga chungu. "Nitakariri yote. Kwa mpangilio wako. Lakini na wewe nenda ukakae dunguni kutwa nzima, peke yako. Mpunga umeanza kukomaa, ndege ni wengi. Mimi nimekaa barazani kwako Kwaresima yote. Na wewe kakae kwangu."

Nikakubali, kwani kukaa ni kazi? Asubuhi nikachukua kombeo, mawe, kibuyu cha maji na Biblia. Hakusema nisiichukue.

Nataka niseme kwa haki kabisa kilichotokea huko. Nilikaa. Nilirusha mawe. Kwa muda mrefu nilisikiliza kwa nia njema, kama mtu aliyeahidi. Nilisikia ndege, mbu, na tumbo langu. Kisha nikafungua kitabu, nikapata kile kisa cha nabii aliyemtafuta Mungu katika upepo mkubwa na katika moto asimkute. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi, lakini kukisoma pale, na upepo ukiulaza mpunga ukiuinua, kulikuwa ni kama naambiwa mimi. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya karatasi. Ndiyo ninayoijua, na ilinitosha.

Nilipoinua macho, ndege walikuwa wameshashuka upande wa chini, wengi kama vumbi, na sehemu ile ya shamba ilikuwa imebaki mabua.

Mama Yustina alifika alasiri. Akasimama pembeni mwa shamba akatazama.

"Ulisikia kitu?"

"Sikusikia. Nilisoma."

"Naona." Akaokota suke moja tupu, akaligeuza geuza. "Ulisoma nini kizuri namna hii, mpaka tumelisha ndege wa wilaya nzima?"

Nikamsomea. Nilitegemea anikatize, hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Huyo mtu naye alikuwa peke yake."

"Alikuwa peke yake."

"Basi na yeye alikuwa dunguni."

"Alikuwa pangoni! Imeandikwa pangoni!"

"Haya, pangoni. Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyeliwa mpunga."

Lakini alikuwa mtu wa ahadi. Alisema niende dunguni, nami nilikwenda. Kuanzia kesho yake alimwita Imani, wakawa wanakariri wote wawili kinuni, huku wanatwanga, amri moja kwa mchi mmoja. Mimi nikikaribia kusahihisha, wananyamaza. Nikienda zangu, wanaendelea. Kwa hiyo mpaka leo siwezi kuapa alizijua zote au hakuzijua.

Ndipo ukaja ujumbe wa Padre. Alikuwa na shughuli nyingi parokiani, hivyo mtihani angeusimamia katekista Kaspari. Na chini ya ujumbe huo Kaspari akanisomea kwa sauti, akijitahidi asicheke: wakati wa mtihani huo, Mzee Evaristo aombwe kukaa nje.

Nje! Mimi ambaye Kaspari nilimfundisha kushika kalamu!

Nilikaa nje. Nilikaa kwenye jiwe chini ya upenu, nimeegemeza sikio kwenye ukuta bila kuonyesha kwamba nimeliegemeza. Nikasikia Kaspari anakohoa, anauliza swali la kwanza. Nikasikia Mama Yustina anavuta pumzi. Na hapo hapo mvua ikaja, ile ya mwisho mwisho isiyotoa taarifa, ikalipiga bati la kanisa kama mtu anayemwaga magunia ya kokoto. Sikusikia tena hata herufi. Walikaa humo ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa amri kumi. Nilijaribu dirishani, nikakuta wamelifunga kwa ajili ya mvua.

Mlango ulipofunguliwa, Imani ndiye aliyetoka kwanza, mbio, mvuani, akipiga kelele kumwita bibi yake. Sikuwa na haja ya kumuuliza. Nyuma yake akatoka Mama Yustina, anajifunga kanga vizuri, usoni hana kitu cha kusomeka.

"Je?"

"Padre akija Jumapili ya Pentekoste, atatubarikia. Mwambie Yustina aje na sindano. Lile gauni alirefushe, miguu yangu siyo ya kuonyesha watu."

Nikamshika mkono, naye hakuutoa.

"Ulizitaja zote?" nikauliza.

"Kaspari aliuliza, nami nikajibu."

"Ulijibu yaliyoandikwa, au ulijibu ya kwako?"

"Aliridhika."

"Kaspari ni mtu wa kuridhika haraka! Nataka kujua ulisema nini. Ulizitaja kwa mpangilio?"

Akasimama akanitazama, mvua ikinguruma juu yetu. "Baba Yustina, unataka ndoa au unataka amri?"

"Nataka zote mbili."

"Ndoa ni Jumapili," akasema.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu zuri kabisa, lenye sura na mstari. Lakini alikuwa ameshaanza kutembea, na mwavuli alikuwa nao yeye.